Uzio wa Juu ya Jabali

Nyumba ya wageni, chini ya jabali
3 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko na kazi? Sisi huku wazima, isipokuwa jabali. Cheka tu, lakini ndiyo habari kubwa ya huku. Mvua za mwezi uliopita zimelimega. Pale juu wageni wanaposimama kupiga picha, palepale ulipokuwa ukining'iniza miguu utotoni huku mimi roho ikinitoka, pameondoka kipande kikubwa kama sebule yetu. Kilishuka asubuhi na hakukuwa na mtu juu. Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nilisikia kishindo nikadhani lori la mbao limepinduka, kisha nikaona vilele vya miti kule chini vinainama kimoja baada ya kingine. Mbega walihama upande ule wote wakipiga kelele kama wapangaji waliofukuzwa.

Mvua hizohizo ndizo zilizouangusha mnara wa simu. Ukinipigia hunipati, usiwe na wasiwasi. Dereva wa lori la maziwa amekubali kubeba barua akishuka na kupanda.

Bwana Msitu alikuja na buti zake, akafunga njia kwa kamba nyekundu. Akaniambia, "Mama, hakuna mgeni kukanyaga juu mpaka kuwe na uzio wa chuma, na nguzo zichimbiwe ndani ya mwamba, si kwenye udongo." Nikamwambia wageni wanakuja kwa ajili ya juu, hakuna anayelala kwangu kwa kupenda mashuka. Akasema niwapeleke kwenye maporomoko, au pango la popo, au msitu wa mianzi. Kweli vyote vipo. Lakini maporomoko sasa ni tope tupu, pango linanuka, na mianzi, mgeni akishaitazama kidogo anageuka na kuuliza, "Na jabali liko wapi?" Kwa hiyo nyumba ni tupu. Funguo zote zimetundikwa ukutani, hata ule wa chumba cha pembeni ambao sijawahi kuuona ukutani mwezi kama huu.

Idara ya misitu imeleta vyuma. Fundi wa kuvichomelea ndiye aliyetusumbua. Wa kwanza alipanda, akachungulia, akashuka bila hata kumaliza chai yake. Wa pili alisema ana kizunguzungu cha kuzaliwa. Wa tatu alikuja bila kuitwa, amesikia kwa dereva wa maziwa. Amekwisha kuanza. Ni mtu wa heshima na hana maneno mengi. Nilimpa chumba akakataa, amejitandikia kwenye stoo ya kuni, na hakuna namna ya kumtoa.

Niandikie. Unakula vizuri?

Mama yako

*

Mtaa wa nyuma ya kiwanda
11 Aprili

Shikamoo mama,

Barua yako ilinikuta nimetoka zamu. Dereva wako wa maziwa ameniletea mpaka mlangoni, akaomba maji, akakaa, akanieleza habari zote za jabali kabla sijafungua bahasha.

Nakula vizuri. Siku hizi niko meza ya kukatia, si kwenye cherehani tena. Tunakata sare za shule, vitambaa vinapangwa juu ya meza kwa matabaka, unene wa godoro, halafu mimi ndiye ninayepitisha mashine. Ukikosea umekosea kwa darasa zima. Mgongo unauma lakini napenda.

Huyo fundi wako ananipa mashaka. Mtu anayekataa kitanda akalala na kuni ama ni mtakatifu ama anatafutwa na polisi. Wewe mjane, nyumba tupu, na fundi asiye na maneno! Jirani zako watakosa usingizi. Angalau niambie ana sura gani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimeandika mizaha ili nijipe nguvu. Mama, nataka kuachana na mume wangu. Nimefikiri sana, sikukurupuka. Wewe unajua nilivyoondoka. Nilipomwambia nimepata kazi huku, alikuwa anapiga msasa mlango wa mtu. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nenda tu." Nilingoja aongeze neno, hakuongeza. Siku ya safari begi langu alilibeba jirani mpaka stendi. Mwanzoni nilikuwa nampigia simu. Anasema, "Mzima?" Nasema, "Mzima." Halafu tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio linaisha. Baadaye hata hilo likakoma. Sijui kama nina mume au nina ukuta.

Nimeonana na wakili wa chama chetu cha wafanyakazi. Anasema si kazi ngumu, hatuna mtoto wala shamba la kugombania. Ninachokuomba ni kimoja. Nenda kwa kaka yake mkubwa umweleze kwa ustaarabu, ili wasikie kwetu kabla hawajasikia kwa wakili. Yeye mwenyewe usimwambie kwanza. Sitaki alijue jambo hili kwa njia ya kumuumiza.

Usinikasirikie.

Binti yako

*

Nyumba ya wageni
14 Aprili

Mwanangu,

Barua yako bado. Naambiwa lori liliharibika gia kule bondeni na dereva amelala ndani yake na maziwa yamekuwa mtindi. Nimeona nikuandikie hivyo hivyo, maana nyumba tupu inanichosha kuliko nyumba iliyojaa.

Kazi inakwenda. Walipandisha jenereta watu wanne kwa miti ya mabega, wakipumzika kila kona, wakinilaani kimyakimya. Fundi anajifunga kamba kiunoni, anaifunga na ncha nyingine kwenye mti, halafu anashuka ukingoni kutoboa mwamba kwa keekee. Mimi nampelekea chakula mchana. Kusema kweli angeweza kushuka kula, lakini ningefanya nini siku nzima? Nimeshafua hata mapazia yasiyochafuka.

Na kule juu, mwanangu, nilikuwa nimepasahau. Nimeishi chini ya jabali miaka yote hii nikiwaelekeza wageni kwa kidole. Ule mto unaozama chini ya mawe ukaibukia kwingine, kutoka juu unaona unapozama na unapoibukia kwa pamoja, kama uzi uliopitishwa kwenye pindo. Ziwa dogo jeusi linaonekana lote. Tai wanaruka chini yako, unawaona migongo.

Jana nilimuuliza fundi, "Huogopi?" Akakaza kwanza kamba yake kiunoni. Akasema, "Naogopa, ndiyo maana nafunga fundo mara mbili." Nikamwambia kumbe unaweza kusema. Akacheka kidogo, akarudi ukingoni.

Utaniuliza ni nani. Ni fundi tu. Nitakueleza siku nyingine.

Leo kuna ukungu mzito, hata kuku hawatoki.

Mama yako

*

Nyumba ya wageni
22 Aprili

Mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Sijafa. Nimeteleza kidogo kule juu siku ya ukungu, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nimepelekwa zahanati, nimefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, naonekana kama nimevaa bomba. Miwani nayo imevunjika. Kwa hiyo sasa siandiki wala sisomi. Anayeandika ni fundi, na mimi namwambia cha kuandika.

Barua yako ya tarehe kumi na moja ilifika jana. Nilikuwa na hamu nayo. Nilimpa anisomee bila kufikiri. Aliisoma yote, kuanzia shikamoo mpaka "Binti yako". Tulicheka pale pa mtakatifu na polisi. Alipofika kwenye jambo lenyewe nilimwambia aache. Hakuacha.

(Hakusema niache. Alisema, "Ngoja." Nilingoja, kisha nikaendelea.)

Ameandika kitu hapo ambacho sikumwambia, nimeona kalamu imekwenda nami nimenyamaza. Namuuliza ameandika nini, hasemi.

Najua mwandiko huu umeshautambua tangu kwenye bahasha. Ningekueleza mapema, lakini nilijua ungeniambia nimfukuze, na mimi nilihitaji uzio. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba alipotokea pale mlangoni na mashine yake begani, alisema, "Mama, nimesikia hamna fundi," basi, kama mtu aliyepita kuomba moto. Hakukutaja. Mimi nami sikukutaja. Tumeishi hivyo mimi na mkwe wangu tangu mwisho wa Machi, tunaongea habari za zege.

Nimemwambia aandike kwamba ni mtu mwema. Anakataa.

(Nimeandika kwamba amesema. Sijaandika kwamba ni kweli.)

Kuhusu kule ulikonituma kwa kaka yake, siwezi tena. Mkono umefungwa, na aliyepaswa kufichwa ameshajua. Sasa mseme wenyewe. Mimi nimechoka kuwa posta.

Umeme wa sola umeanza kufifia naye anasema mkono umemchoka, ingawa nadhani si mkono.

Mama yako
kwa mkono wa Fundi

*

Mtaa wa nyuma ya kiwanda
27 Aprili

Shikamoo mama,

Pole sana kwa mkono. Pole kwanza, mengine baadaye. Je, vidole vinachezeka? Vikiwa baridi au vikibadilika rangi rudi zahanati siku hiyohiyo, usingoje lori, mtu akubebe. Miwani nimekwisha kuagiza, namba ya lenzi ninayo kwenye ile karatasi ya zamani. Itakuja na dereva.

Sasa mengine. Niliona bahasha nikiwa kazini. Ile k yake yenye mkia kama ndoano ya samaki, nani mwingine anaiandika? Nilijua kabla sijafungua, na hata hivyo nilifungua, na nikasoma nimesimama, na niliporudi mezani nikakata mikono yote ya mashati upande mmoja. Shule nzima ina mikono ya kushoto. Msimamizi alinitazama tu, akaniambia niende nikanywe maji.

Mama, umenifanyia nini? Barua ile ilikuwa yako peke yako. Nilikwambia sitaki aumie, na ukamkabidhi aisome kwa sauti! Najua hukukusudia. Lakini kama ungeniambia mapema fundi ni nani, nisingeandika vile. Ningeandika kwa namna nyingine. Sina hakika ni namna gani, ila nyingine. Na "nimeteleza kidogo" yako siiamini pia. Watu hawavunji mkono na miwani kwa kuteleza kidogo.

Na wewe unayemsomea mama barua hii, najua upo. Nakuuliza jambo moja. Kwa nini hukuacha kusoma? Mtu yeyote angekunja karatasi. Jibu kwa karatasi yako mwenyewe na kwa jina lako mwenyewe. Usinijibu ndani ya mabano.

Binti yako, mama.
Kwa huyo mwingine sijui niandike nani.

*

Juu ya jabali
3 Mei

Kwa mke wangu,

Nimeandika hivyo kwa sababu wakili hajaandika vingine bado.

Niko juu, nimekaa kwenye mfuko wa saruji. Mama yuko chini na miwani yake mipya, anasoma tena barua zako zote kuhakikisha kama nilizisoma sawasawa.

Umeuliza kwa nini sikuacha. Nilipofika pale pa ukuta nilitaka kuacha. Lakini mama alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta, ananitazama mdomoni. Na mimi nilitaka kujua. Tangu uondoke sijawahi kujua unawaza nini. Ilikuwa kama mtu anasomewa hukumu yake mwenyewe, unaziba masikio ili iweje? Nikasoma. Nikaweka barua chini ya kikombe. Mama akasema, "Chai imepoa," nikaenda kuipasha.

Kuhusu kuteleza kidogo. Amenikataza kuandika haya, nimeamua kuandika. Siku ile ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuona mikono yangu, nikazima jenereta ningoje uinuke. Yeye hakujua kwamba ukingo umemeguka tena na nimehamisha kamba nyekundu ndani zaidi. Alikuja na sufuria ya maharage kwa njia anayoijua, na njia ile haipo tena. Nilisikia sufuria ikigonga mwamba, ikagonga tena, halafu kimya, halafu sauti yake ikisema, "Fundi, usije mbio, utaniangushia mawe." Alisema vile vile anavyokwambia usikanyage sakafu haijakauka.

Alikuwa ameshuka mpaka kwenye kibao cha mwamba, upana wa benchi. Chini yake hakuna kitu, ni vilele vya miti. Nguzo ya karibu ndiyo niliyoisimamisha jana yake, zege bado bichi, nisingeweza kuiamini. Nilifunga kamba kwenye mti wa nyuma, haikutosha. Nikaiunga na waya wa jenereta. Nikashuka kwa kupapasa. Nilipomfikia alikuwa ameshika mzizi kwa mkono mzima, ule mwingine umelala vibaya. Akaniambia, "Kama unanibeba nibebe, usiniombe ruhusa." Nilimfunga mgongoni kwangu kwa kanga yake na kamba, tukapanda. Njia nzima alikuwa akinihesabia pumzi kama mkunga. Tulipofika juu nililala kifudifudi nikiwa bado naye mgongoni, siwezi kuinuka. Yeye akasema, "Maharage yameharibika." Ndipo nikalia. Yeye hakuniona, alikuwa mgongoni.

Sasa yale mengine.

Siku uliyoondoka nilikuja stendi. Nilikuwa nimechelewa, basi limeshawaka. Ulikuwa dirishani unacheka na mama mmoja mwenye kofia ya bluu. Ulicheka mpaka ukaegemea kiti. Nikajiambia, anakwenda kwa furaha, nikijitokeza nitamwekea kiwingu. Nikasimama nyuma ya kibanda cha magazeti mpaka basi likatoka.

Na "Nenda tu". Nilitaka kusema nenda, usihangaike na mimi, nitajipikia, ukipata nafasi nitakufuata na mashine yangu, milango iko kila mahali. Ilikuwa ndefu kichwani. Yakatoka maneno mawili ya mwanzo, nikaona uso wako umefunga, yaliyobaki yakarudi. Mimi kusema kunanishinda. Kuandika naona kunanishinda kidogo zaidi. Yaani kunanishinda kwa uchache. Umenielewa.

Ukitaka tuachane nitatia sahihi. Usisafiri kwa ajili hiyo, mpe dereva wa maziwa karatasi. Sitaki ukae umefungwa kwa sababu mtu mmoja hana mdomo. Lakini kabla ya sahihi naomba nikuulize. Siku ile kwenye basi, ulikuwa unacheka nini?

Uzio umebaki upande wa mashariki tu.

Mume wako

*

Mtaa wa nyuma ya kiwanda
9 Mei

Kwako wewe,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pale pa mama nilikaa sakafuni. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, na wewe huhitaji maneno makubwa, basi lipokee hilo. Usimwambie kwamba najua. Mwache aendelee na kuteleza kwake kidogo.

Nitakujibu ulilouliza. Yule mama mwenye kofia alinikuta nalia. Nilikuwa nimeanza tangu jirani aliponiachia begi. Akaniuliza kwa upole, "Umefiwa, mwanangu?" Nikamwambia, "Hapana, nimeolewa." Akanitazama, nikamtazama, ndipo tukacheka wote wawili mpaka kondakta akageuka. Ulifika wakati huo. Ungefika dakika chache kabla ungekuta kilio, na dakika chache baadaye ungekuta kilio.

Nilikuwa nakutafuta dirishani. Sikutazama kwenye kibanda cha magazeti.

Sijui tufanye nini na habari hii. Nina hasira nayo. Mtu angekuwa amelala na mwingine ningejua pa kuiweka hasira yangu, lakini wewe ulisimama nyuma ya kibanda, mimi nikacheka kwa wakati mbaya, na tumekaa zaidi ya mwaka kila mtu na chumba chake. Usidhani barua moja imetengeneza kila kitu. Nimeishi na kimya chako, najua uzito wake. Nikija kuishi nacho tena nataka nijue kimepungua.

Nimeomba likizo. Nitapanda na lori la maziwa tarehe ishirini na tatu. Nakuja kumwona mama na mkono wake, hivyo ndivyo utakavyomwambia kila mtu. Karatasi za wakili nimezitia kwenye begi. Sikufichi, zimo.

Ukija kunipokea, simama mbele, mahali ninapoweza kukuona.

Ni mimi

*

Nyumba ya wageni
2 Juni

Mwanangu,

Plasta imetolewa juzi. Mwandiko ni wa kuku lakini ni wangu mwenyewe, na sasa naweza kusema ninachotaka bila mtu kuniwekea mabano.

Kwanza, jabali limefunguliwa. Bwana Msitu alikuja kulikagua. Aliusukuma uzio kwa mikono, akausukuma kwa mgongo, akaning'inia juu yake kama mtoto, haukutikisika. Akasema ameridhika, akaikata ile kamba nyekundu kwa kisu chake kwa madoido kama anafungua benki. Kesho yake walikuja wageni, familia nzima na bibi yao. Bibi alikataa kwenda pangoni, akakataa mianzi, akapanda juu polepole kwa fimbo, akashika chuma kwa mikono miwili akatazama ule mto unapozama mpaka walipomwita. Leo kuna funguo tatu tu ukutani. Mnara wa simu bado umelala vilevile, wanakuja kuupiga picha na kuondoka.

Sasa nije kwenu.

Mwanangu, mimi si mpelelezi, lakini nina macho, na sasa nina miwani mipya. Siku ulipofika alikuwa amesimama katikati ya barabara. Dereva alipiga honi, hakusogea. Ikabidi lori lisimame kabla ya kituo. Mkasalimiana kama watu wa ofisini. Umekaa hapa siku zote zile unanikanda vidole, na mkila mezani mnapitishiana chumvi kwa adabu mpaka inanitia baridi. Siku ya mwisho mkaniambia mnakwenda kuangalia upande wa mashariki wa uzio. Mliondoka baada ya chakula cha mchana, mkarudi jua limezama nyuma ya jabali. Mmoja wenu alikuwa na macho mekundu, kwa ule mwanga sikuweza kujua ni nani. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukasema, "Uzio mzuri." Nikamvizia yeye jikoni, nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Upepo mkali." Nyie watoto!

Asubuhi nikakukuta unawasha moto, na ndani ya jiko kuna karatasi zinaungua. Sikuuliza ni karatasi gani. Huenda ni gazeti. Mimi huwashia gazeti siku zote. Lakini gazeti halina mhuri.

Halafu lori likaja. Wewe ukapanda mbele kwa dereva, yeye akapanda nyuma na mashine yake, amekaa juu ya madebe ya maziwa. Alisema amepata kazi ya mageti huko chini. Huko chini ni kukubwa. Ni mji wako au ni mji mwingine? Hakusema, na nilipotaka kuuliza dereva alishaondoa gari. Nilibaki barabarani na mkono wangu mmoja napunga, sijui nampungia nani anakwenda wapi.

Stoo ya kuni nimeifagia. Alikuwa ameacha kila kitu kimekunjwa.

Mimi sitaki kujua mambo ya watu wazima. Nataka tu kujua jambo la kawaida la nyumbani, mzazi ana haki nalo. Nina vitu vya kuwaandikia, na dereva anataka kujua anapeleka wapi. Je, niandike barua moja au mbili?

Mama yenu

*

Mtaa wa nyuma ya kiwanda
8 Juni

Shikamoo mama,

Mashine yake haikupata nafasi chumbani, tumeiweka kwa mwenye nyumba, ambaye ameshatukabidhi geti lake lililolegea. Chumba ni kidogo kwa watu wawili. Nikigeuka nikiwa na kikombe lazima mtu mwingine ainame. Wakili nilimwendea jana kumwambia nimechoma karatasi zake. Alisema anazo nakala, nikamwambia azihifadhi tu, sina haraka. Nakwambia hili kwa sababu sitaki tufichane tena, na kwa sababu mkweo naye anajua, nilimwambia nikiwa namtazama.

Je, anasema? Juzi wakati wa kula aliweka kijiko chini, akasema siku yake yote ilivyokuwa, kuanzia asubuhi, na mbwa wa mteja akiwemo. Ilikuwa habari ndefu na haikuwa na mwisho wowote. Nilisahau kutafuna.

(Mbwa aling'ang'ania kamba ya buti yangu. Mwisho ulikuwepo, alinikatisha kwa kucheka. Shikamoo mama.)

Andika moja.

Wanao